Anayekuja na wa Mwisho

Katika klabu yetu ya kukimbia, mimi sikimbii. Safari niliyobakiza ni moja, na hiyo nitabebwa. Kazi yangu ni maji: kila Jumamosi asubuhi nasimama mezani, pale mbio zinapoishia, nagawa vikombe. Kila anayefika namwona uso kabla hajaupanga vizuri. Kwa hiyo siri za watu ninazo.

Siri kubwa ilikuwa ya shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, fundi cherehani mstaafu. Walimwita Mkia, maana kwa miaka tisa hakuna Jumamosi ambayo hakufika wa mwisho. Nyumbani wajukuu walimcheka: "Babu, leo tena kobe kakupita?" Naye hucheka nao huku anakanda goti.

Kumbe angeweza kuwapita nusu ya wanaklabu. Alikaa nyuma kwa makusudi. Mgeni, mnene, aliyetoka kujifungua, aliyeishiwa pumzi, wote hao alitembea nao akiwapigia soga. Wakiukaribia mstari, anainama eti kamba ya kiatu imefunguka. Mwenzake anatangulia. Basi klabu nzima hakuna aliyewahi kuwa wa mwisho ila yeye.

"Kwa nini huwaambii watu?" niliwahi kumuuliza.

"Nikisema, shemeji, si nitakuwa nimewataja?"

Mwaka huu viongozi wakaamua kuwaenzi waliojitolea. Katibu, mwalimu wa hesabu, akatoa majina kwenye daftari la wasaidizi. Daftari lenyewe hulifunga saa mbili na nusu kamili, awahi dukani kwa mumewe. Mkia na mtu wake hufika saa tatu. Miaka tisa, jina lake halimo hata mara moja. Mimi ninayemwaga nusu ya maji chini, nimo kila ukurasa.

Nikamfuata. "Mwalimu, umemsahau shemeji yangu."

"Bibi, yule si mkimbiaji tu?" Akashusha sauti. "Tena si mzuri sana."

Siku ya sherehe tulikaa kwenye darasa la shule, kwenye viti vya watoto, magoti yamegusa kidevu. Mkia alikaa nyuma, wapi tena? Njiani alikuwa ameniambia goti limegoma, na hatarudi klabuni.

"Nitaondoka kimya tu," alisema. "Wa mbele hata hawatageuka."

Maneno hayo yalinichoma. Nilipoitwa mbele, mwenyekiti, ambaye ni fundi vioo, akanikabidhi cheti ndani ya fremu aliyoitengeneza mwenyewe. "Bibi, sema neno moja."

Neno moja! Mwanamke wa umri wangu!

"Nashukuru," nikasema. "Sasa kila aliyewahi kuletwa na Mkia mpaka mstarini, asimame."

Watu wakaangalia dari kana kwamba inavuja. Kusimama ni kukiri kwamba siku ile wa mwisho ulikuwa wewe.

"Maji niliwapa mimi," nikasema. "Sura zenu ninazo. Nianze kutaja?"

"Shemeji, acha!" Mkia akaita kutoka nyuma.

Nikaacha. Alichokificha miaka tisa, mimi nani nikimwage? Nikaona nimeharibu, maana alikuwa tayari ameshika kitasa cha mlango.

"Mimi," akasema mwenyekiti.

"Simama basi!" mtu akamtania.

"Nimesimama, hunioni? Mwaka niliofiwa na mke wangu, nilikaa chini darajani, nikasema siendi mbele wala nyuma. Akakaa na mimi pale vumbini. Akanifundisha kwa mdomo tu kushona mfuko wa suruali, mwanzo mpaka mwisho. Halafu tukainuka. Tulipofika, kamba yake ikafunguka."

"He! Hata kwangu ilifunguka!" Nesi akasimama.

"Na kwangu!" Huyo alikuwa mwoka mikate, ambaye kiti kilisimama naye.

Viti vikaanza kulia sakafuni, hapa, pale, mpaka nikashindwa kuhesabu. Katibu alisimama karibu wa mwisho, daftari kifuani. "Siku yangu ya kwanza," akasema. "Na bado sikujua."

Mkia akaletwa mbele, anafuta macho kwa mkono wa koti. Cheti chake hakikuwapo. Changu sikumpa, kina jina langu. Mwenyekiti akamuuliza, "Mzee wetu, tukupe nini?"

"Mtu wa kukaa nyuma."

"Mimi hapa. Nifundishe."

"Kwanza, usimwambie pole. Pole inamkumbusha kwamba amechoka."

"Nimwambie nini? Mimi najua vioo tu."

"Basi vioo."

Jumamosi iliyofuata Mkia alikaa mezani kwangu, goti limefungwa kitambaa, akinisimamia kazi utadhani nimeajiriwa jana. Katibu naye alikuwapo, daftari liko wazi. Saa tatu na robo tukawasikia kabla hatujawaona: mwenyekiti na mwoka mikate, wanabishana kwa sauti kama dirisha la jikoni lifungukie nje au ndani, na mwoka mikate ndiye aliyekuwa anashinda.