Mshono wa Kaakaa

Ukizoea kudanganya, siku utakayosema kweli utahitaji mashahidi. Melkizedeki, mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyerudi Ilongero likizo na sanduku la bati na sifa mbaya, hakuwa na shahidi hata mmoja.

Sifa yenyewe aliichuma likizo iliyopita. Alimwendea baba yake mkubwa, Mzee Alute, akamwamkia kwa heshima zote, kisha akamwarifu, kwa uso wa mchungaji msibani, kwamba bwana mifugo anakuja kupima ng'ombe macho. Mzee Alute aliswaga kundi zima hadi uwanja wa mnada akasimama juani mpaka adhuhuri, huku ng'ombe wakimtazama vizuri kabisa.

Sasa Mzee Alute huyohuyo, ambaye tangu baba yake Melkizedeki afariki ndiye mwenye neno la mwisho nyumbani, alikuwa ameketi kwenye kigoda akikataa mtoto kupelekwa hospitali.

Mtoto, Leah, alikuwa wa Hosea, kaka yake Melkizedeki, na mkewe Sara. Alikuwa na miezi mitatu. Mdomo wake wa juu ulikuwa umepasuka hadi puani, na ndani kaakaa lilikuwa wazi, hivyo maziwa yaliyoingia mdomoni yalitokea puani. Sara alimkalisha wima akamlisha kwa kijiko, tone kwa tone, mchana kutwa. Muuguzi wa zahanati alimpima akasema uzito unatosha, ila si wa kuchezea. Madaktari wageni wanaoshona midomo ya namna hiyo walikuwa hospitali ya misheni wiki hii tu. Kesho ndiyo siku yao ya mwisho, na kurudi ni mwakani, Mungu akipenda.

Barabarani, lori la Sultani, mfanyabiashara wa mjini, lilikuwa linapakia alizeti iliyosalia maghalani. Tangu biashara iwe ruksa, kila mwenye lori alikuwa mnunuzi na kila mnunuzi alikuwa na haraka. Sultani alikubali kumbeba Sara na mtoto. Kusubiri hakukubali.

Honi ililia. Melkizedeki akasimama, akaketi, akasimama tena.

"Wewe mume wangu, una chawa?" aliuliza Bibi, aliyekuwa pembeni na ugoro wake.

"Sina, Bibi. Nina elimu."

"Basi jikune upesi tukusikie."

"Hakuna cha kusikia," alisema Mzee Alute. "Hosea aliua sungura shambani, mkewe akamla akiwa na mimba. Sungura ameacha alama ya mdomo wake. Mkiishona kabla ya kwenda Kinyangiri kuwauliza wakwe kama kwao kuna jambo hili, alama itahama. Itamrukia mtoto mwingine. Sara arudi kwao kwanza."

"Baba mkubwa, kesho wanaondoka," alisema Hosea, akiwa ameinamia sakafu. Tangu Leah azaliwe alikuwa ameinamia sakafu. Hakuwahi kumpakata.

Melkizedeki akakohoa kama mwalimu mkuu. "Baba mkubwa, uso hauji mzima. Mtoto akiwa tumboni, mdogo kuliko harage, hana uso, ana vipande. Kimoja kinashuka kutoka kwenye paji, vingine vinatoka huku na huku, kama mafundi wanaojenga kila mtu kuanzia kona yake. Vinakutana chini ya pua. Halafu ndani ya mdomo zinasimama kuta mbili, na ulimi katikati, umeziba njia."

"Ulimi!" alisema Bibi. "Hata huko?"

"Hata huko, Bibi. Ulimi ukishuka, kuta zinalala juu yake, zinakutana, zinashikana. Ndilo kaakaa. Yote yanakwisha kabla jirani hajajua kuna mimba. Sungura wa Hosea aliuawa wakati wa mavuno, Sara tumbo limeshamtangulia mlangoni. Alikuta nyumba imeshaezekwa."

"Na kuta za huyu kwa nini hazikukutana?"

Melkizedeki alifungua mdomo. Uongo mzuri ulikuwa tayari, umenyooka, una hata jina la Kilatini. Akaumeza, na ulimkwaruza.

"Sijui, baba mkubwa. Mwalimu naye hajui."

"Macho ya ng'ombe ulijua."

Honi ikalia mara mbili. Nje, gunia lilitua juu ya jingine.

"Basi wekeni ulimi juu," alisema Melkizedeki kwa haraka. "Nyuma ya meno, katikati. Vuteni taratibu kuelekea kooni. Kuna mstari. Hapo ndipo kuta zilikutana."

"Nikae nimeachama kama mjusi, ukawasimulie wenzako bwenini?"

Siku nyingine yoyote angewasimulia, tena kwa kuigiza. Hosea alikuwa ameshaweka ulimi juu. Bibi alitema ugoro, akasuuza kinywa, akaingiza kidole gumba.

"Umo," alisema. "Kama kibuyu kilichopasuka kikashonwa. Nimezeeka nao na sikujua!"

Mzee Alute aliugeukia ukuta. Shavu lake lilicheza, likatulia, likacheza tena. Melkizedeki alijikanyaga mguu mmoja kwa mwingine asije akacheka, maana kicheko kimoja tu kingemgharimu Leah mwaka mzima.

"Mleteni mtoto," mzee aliuambia ukuta.

Sara akaingia naye. Mzee Alute alinawa, akamtia Leah kidole kidogo mdomoni, na Leah akakikamata kwa fizi.

"Ukuta huu upo," alisema polepole. "Na huu upo. Hazijafikiana tu." Akamtazama Melkizedeki. "Na mimi nilikuwa hivi?"

"Sote, baba mkubwa. Sisi zetu zilifunga kwa wakati."

Lori likawaka. Hosea aliinuka, akampokea Leah kwa mikono iliyokuwa haijui pa kushika, akamsimamisha wima begani kama alivyomwona Sara akifanya, akatoka mbio. Melkizedeki alitaka kumpita, lakini Mzee Alute aliwapita wote. Akasimama mbele ya lori na fimbo yake.

"We mzee, unataka kufa?" Sultani alichungulia, akamtambua. "Ah! Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Mshushe utingo, huyu mama aketi mbele."

Utingo akapanda juu ya magunia akinung'unika, na Hosea akampa Sara mtoto, naye akapanda. Mzee Alute aliushika mlango.

"Kinyangiri nitakwenda vilevile," alimwambia Sara. "Nitauliza mwenyewe."

"Nenda, baba," alisema Sara, akimpangusa Leah pua. "Wasalimie. Uwaambie sungura nilimla kweli, na alikuwa mtamu."

Bibi alipiga ukemi. Melkizedeki aliyatazama mawingu kwa unyenyekevu mkubwa. Mzee Alute alibaki ameshika mlango kitambo, kisha akaubamiza.

"Endesha," alimwambia Sultani.