Mgongo wa Mkwe

Éliane aliringia biolojia yake, tusimfiche. Miaka kumi na mmoja akifundisha sekondari hapa Kalemie, angeweza kuchora utando wa seli macho yakiwa yamefumbwa, na protini zake zote. Kwa hiyo mama yake, Mama Florentine, aliyekuja kumtembelea kutoka Ankoro, aliposhikwa na kipindupindu, Éliane alimkorogea maji ya chumvi na sukari, kisha akakaa kando ya kitanda kumfundisha.

"Mama, ndani ya tumbo kuna protini moja, imejishikiza kwenye ngozi ya seli kwa mukia wa mafuta. Ikipata habari kutoka nje inawaka, inaipitisha ndani, kisha inajizima. Sumu ya kolera inaiharibia pale pa kujizimia. Basi inabakia kuwaka, na seli inamwanga maji tu, mupaka seli yenyewe ikufe. Inachukua siku tatu ao ine."

"Haizimike?"

"Haizimike. Lakini mulango wa chumvi na sukari njo uko muzima, maji yanaingilia pale. Unywe, Mama."

Mama aliitikia kwa kichwa. Éliane akaridhika, kama anavyoridhika darasani pindi mwanafunzi wake anapojibu vizuri.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, katikati pazia. Upande wa pili alikuwa mumewe Ruben, mchuuzi wa samaki, ambaye mvua ilikuwa imemfungia ndani. Kwa kina Mama Florentine, mtu na mama mkwe wake hawali pamoja, hawapeani mkono, hawatazamani usoni. Miaka tisa walikuwa wameheshimiana hivyo, wakisalimiana kwa mbali, macho chini. Sasa mama mkwe alikuwa akiharisha bila kujizuia, na mkwe anasikia kila kitu.

Vikombe vilirudi vitupu mchana kutwa. Hata hivyo macho ya mama yaliendelea kudidimia, na ngozi ya mkono ukiifinya ilibaki imesimama. Éliane hakuelewa. Jioni aliinama kuokota kitenge, akakuta udongo chini ya kitanda umelowa na sisimizi wamejaa. Walikuwa wamefuata sukari.

"Mama! Ulikuwa unayamwanga?"

"Wewe njo ulisema haizimike." Sauti ilikuwa karibu kwisha. "Nikinywa yatatoka, na mukwe wangu anasikia. Afazali nikauke."

Éliane alishikwa na hasira, halafu hofu, halafu aibu iliyozidi vyote viwili. Yeye mwenyewe ndiye aliyempa mama yake sababu ya kufa, tena akiwa na raha ya kueleza.

Kikombe kisingetosha tena. Muda si mrefu Mama akapoteza fahamu; alihitaji kutiwa maji kwenye mshipa, na njia ya kwenda kituo cha matibabu ilikuwa imemezwa na ziwa, pikipiki hazikupita. Éliane akavuta pazia.

"Ruben, umubebe."

Ruben alirudi nyuma hatua moja. "Mama mukwe? Nitamugusa namna gani?"

"Atakufa!"

Ruben alimfunika mama mkwe uso kwa kitenge, akamweka mgongoni. Alitembea maji yakimfika magotini, huku mgongo wake ukilowa kwa kile ambacho mama mkwe aliona heri afe kuliko kumwonyesha. Éliane alimfuata akilia.

Siku ya tatu Mama Florentine alifumbua macho vizuri. Swali lake la kwanza likawa: "Nani alinibeba?"

Éliane, ambaye darasani havumilii hata uongo mdogo, alisema: "Vijana wa kituo, Mama. Walikuja na machela."

"Na mukwe?"

"Alikuwa ametoka. Hakuona kitu."

Mama alishusha pumzi ndefu, akaomba kikombe mwenyewe, akanywa chote. Nje ya uzio wa kituo Ruben alikuwa amesimama tangu asubuhi na chungu cha uji, shati limechujuka kwa maji ya klori aliyonyunyiziwa alipomfikisha Mama. Walinzi walikuwa wamemruhusu kuingia. Éliane ndiye aliyemkataza.

"Unipelekee mukwe wangu salamu," Mama alisema. "Umwambie ninamushukuru sana. Mwanaume mwingine angekuja kuchungulia. Yeye alijua kukaa mbali."

"Nitamwambia," Éliane alisema, akachukua kile kikombe, akatoka kwenda kumwambia.