Kiingereza Kuanzia Getini

Sheria hiyo aliitunga Mwalimu Ephantus mwenyewe, kwa hiyo asitafutiwe mtu mwingine wa kulaumiwa. Kuanzia getini mpaka vyooni, ndani ya shule hakuna kusema lugha nyingine ila Kiingereza. Si Kikuyu, si Kinandi, wala Kiswahili. Atakayeteleza atavishwa kibao shingoni, akae nacho mpaka amnase mwenzake, na atakayekutwa nacho jioni ataosha vyoo kabla ya kwenda nyumbani.

Kibao chenyewe kilikuwa kipande cha mkaratusi kilichotobolewa na kutiwa kamba ya katani. Kilikuwa kimepita shingo nyingi hata kikang'aa kama mpini wa jembe.

Msimhukumu haraka, lakini. Mtihani wa darasa la saba uliandikwa kwa Kiingereza, hesabu zikiwemo, na watoto wake hawakuwa na mahali pa kukisikia. Shule ilikuwa ghala la ngano la mzungu aliyeuza shamba akarudi kwao baada ya uhuru. Walionunua walikuwa Wakikuyu waliounda chama, wakachanga fedha, wakatoka kwao katikati ya nchi, na majirani walikuwa Wanandi waliokuwapo kabla ya mzungu mwenyewe. Watoto wao walikaa benchi moja. Mwaka uliotangulia, hakuna hata mmoja aliyeitwa sekondari. Wazazi hawakumgombeza Ephantus. Walimtazama tu kanisani, na yeye akawa anaimba huku ameinamisha kichwa.

Basi akala yamini kwamba mwaka huu hawatamtazama vile tena. Kila Jumamosi alipanda baiskeli mpaka Eldoret kutafuta karatasi za mitihani ya zamani. Alifundisha asubuhi, akafundisha mchana, akawafanya watoto waombe maji kwa Kiingereza, wapige chafya na kuombana radhi kwa Kiingereza. Wageni nao walibanwa na sheria. Mchungaji alipofika kusalimu, Ephantus alimwomba kwa heshima abadilishe lugha, na mchungaji akabadilisha huku akicheka. Habari hiyo ilisifiwa mpaka Ainabkoi, naye Ephantus akavimba kichwa kidogo.

Ephantus hakuwa ameoa. Alikaa na mama yake, Nyaguthii, katika kibanda cha mabati karibu na zizi la zamani la ng'ombe, kama wanachama wengine waliokuwa wakingojea shamba kugawanywa. Nyaguthii alikuwa mjane. Alilima pareto za watu ili mwanawe asome, na mikono yake hakuificha wala kuionyesha. Kitu kimoja tu alimwomba Ephantus: siku ya kupiga kura ya mashamba, asimame kando yake.

Alikuwa na sababu. Kura zilitiwa ndani ya kofia, kila mwanachama akachomoa karatasi yenye nambari ya shamba lake. Anayejua kusoma alijisomea. Asiyejua alikuja na mtu wake wa kumsomea, na asiye na mtu alisomewa na kamati, kisha karatasi ikachanwa palepale ili ugomvi usizuke. Watu walikuwa wamesikia ya mashamba mengine, jinsi wajane walivyosomewa nambari za ajabu. Na katika shamba hili, juu kulikuwa na udongo mwekundu karibu na barabara, lakini chini kulikuwa na kinamasi ambamo ng'ombe wa mzungu walikuwa wakizama hadi tumboni mvua ikikolea.

"Mimi nitachomoa kwa mkono wangu," Nyaguthii alikuwa akisema. "Wewe utanisomea kwa macho yako. Basi. Hapo nitakuwa nimemaliza."

"Nitakuwepo, Maitu," alimjibu mama yake kila mara, na alimaanisha.

Kura ilikuwa ifanywe wiki inayofuata. Lakini mpimaji wa ardhi alifika mapema, akasema hana siku nyingine, na kamati ikawaita watu asubuhi hiyohiyo. Asubuhi hiyohiyo ndipo Bwana Otiende, mkaguzi wa elimu, alipofika shuleni kutoka Eldoret. Akiridhika, shule ingefanywa kituo cha mtihani, na watoto hawangelazimika kulala kwa watu mjini ili waufanye. Ephantus alikuwa amefunga tai yake ya pekee tangu alfajiri, roho mkononi.

Bwana Otiende alipoingia, darasa zima lilisimama kwa pamoja, mikono nyuma. "Gud moning, sa!" Hawakuketi mpaka alipowaruhusu. Mkaguzi akatikisa kichwa kwa kupendezwa, akakaa kwenye benchi la nyuma.

Mlangoni alikuwa amesimama Nyaguthii.

Alikuwa amevaa buti za mpira zilizojaa matope, na kitambaa kichwani kimelowa ukungu. Hakuwa amewahi kufika shuleni hapo hata siku moja. Aliwaona watoto wakisimama na kuketi, akasubiri wamalize, maana ni mtu wa adabu. Kisha akaita kwa sauti ya nyumbani, "Ephantus."

Watoto waligeuka. Hapana aliyewahi kusikia jina la mwalimu likitajwa hivyo, tupu, bila cheo.

"Twende, mwanangu," akasema kwa Kikuyu. "Wameshaanza kupiga kura. Nahitaji macho yako."

Ephantus alisikia kila neno. Hilo lijulikane, kwa sababu baadaye alijaribu kujidanganya kwamba hakusikia vizuri. Alisikia, akaelewa, akajua ni saa ngapi na ni jambo gani. Na mkaguzi alikuwa nyuma ya darasa, ameinua kichwa. Angeweza kusema maneno matatu tu. Angeweza hata kumwendea akamshika mkono. Badala yake alinyoosha tai, akamjibu kwa Kiingereza, kwa ile sauti ya kusahihisha watoto, kwamba katika shule hii, mama, tunasema Kiingereza tu.

Nyaguthii alitabasamu. Alidhani ameambiwa angoje. Akaangalia watoto, akamwangalia mwanawe, akayarudia maneno yake polepole, kama mtu anayesema na kiziwi. "Kura, Ephantus. Wanapiga kura."

Ephantus aligeukia ubao, akaanza kuandika. Chaki ilikatika, akaendelea kuandika kwa kile kipande.

Karibu na mlango alikaa Jepkemboi, msichana wa Kinandi, mwanafunzi wake bora kuliko wote, tumaini lake la mtihani. Kikuyu alikiokota kwa majirani alikokuwa akitumwa kupeleka maziwa. Aliona uso wa yule mama ukishuka, na moyo ukamshinda. Akanong'ona kwa Kikuyu, "Ngoja kidogo, mama. Atatoka."

Hakunong'ona chini vya kutosha. Kiptoo, aliyekuwa na kibao shingoni tangu jana, alirusha mkono juu kwa furaha ya mfungwa aliyeona mlango wazi. Darasa zima likamgeukia mwalimu. Bwana Otiende naye akangoja, kalamu mkononi, kuona sheria maarufu ikifanya kazi.

Na ikafanya kazi. Ephantus alimvua Kiptoo kibao, akatembea mpaka mlangoni, hatua moja kutoka kwa mama yake mzazi, akamvisha Jepkemboi. Harufu ya moshi wa nguo za mama yake ilimfikia. Hakuinua macho.

Nyaguthii alikitazama kile kibao kwenye kifua cha mtoto. Hakuhitaji kufasiriwa. Mtoto wa watu ameadhibiwa kwa kuwa amesema naye. Alijiziba mdomo kwa pembe ya leso, akarudi nyuma polepole, kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba isiyo yake, kisha akageuka akaondoka. Buti zake zilisikika mpaka getini.

"Yule mama alikuwa anataka nini?" Bwana Otiende aliuliza wakati wa chai.

"Mzazi tu, sir," akajibu Ephantus. "Hawa watu bado hawajaelewa."

Hawa watu! Alilisikia neno likitoka kinywani mwake na chai ikamwia chungu. Lakini hakulirudisha. Alimmiminia mgeni kikombe cha pili.

Mkaguzi alikaa mpaka alasiri. Alipoaga, alimshika Ephantus mkono kwa nguvu, akasema shule itakuwa kituo cha mtihani, na kwamba atawasimulia walimu wengine habari za sheria ile. Siku nyingine yoyote Ephantus angeruka. Alishukuru, akaenda kuchukua baiskeli yake nyuma ya vyoo.

Jepkemboi alikuwa huko na ndoo na ufagio, kibao kikining'inia mgongoni kisimzuie.

"Nenda nyumbani," akamwambia kwa Kiingereza. "Leo basi."

"Sijamaliza, sir," akajibu kwa Kiingereza safi kabisa, kile alichomfundisha mwenyewe, wala hakumtazama usoni.

Kamati ilikuwa imekwisha kutawanyika. Chini ya ukuta wa zizi, kura ilikopigwa, alimkuta Mzee Gathogo, mwenyekiti, akikunja meza pamoja na mpimaji. Vipande vya karatasi vilitapakaa matopeni.

"Mzee, mama yangu alipata wapi?"

"Kinamasi," Gathogo akasema, bila haraka. "Pole sana, mwalimu. Lakini kura ni kura."

"Nani alimsomea?"

"Si mimi? Alisimama pale akiangalia njia ya shule mpaka karibu wote wakaisha. Ikabaki yeye, shemeji yangu na mwingine mmoja. Nikamwambia, mama, mtu wako hakuji. Akanipa karatasi."

"Na iko wapi?"

Gathogo alionyesha matope kwa kidole cha mguu. "Tumechana, kama kawaida. Unataka kusema nini, mwalimu? Sema. Mpimaji yuko hapa."

Ephantus alifungua mdomo. Alitaka kuuliza: huyo shemeji na yule mwingine, wao walikuwa wamepata wapi? Lakini alijua swali ambalo lingemrudia mbele ya mpimaji: wewe ulikuwa wapi? Aliinama akaokota vipande viwili vitatu. Vilikuwa vya karatasi mbalimbali, wino umeyeyuka. Hakuna mtu angeweza tena kujua kama Nyaguthii aliibiwa au alikosa bahati, na Ephantus angebaki na hilo maisha yake yote, kila mvua ikinyesha.

"Sina la kusema, Mzee," akasema. Haya zilimvaa mpaka masikioni.

Kibanda kilikuwa karibu, lakini alisukuma baiskeli polepole, maana aliogopa kufika. Njiani alipanga maneno. Angemwambia juu ya mkaguzi, juu ya kituo, juu ya watoto ambao sasa watafanya mtihani kwao. Kisha akayaacha yote. Angepiga magoti tu, aseme amekosa. Angalau hilo lingetoka kwa Kikuyu.

Jua lilikuwa bado halijazama. Ndani, Nyaguthii alikuwa ameketi kwenye kigoda akimenya viazi, kisu kikienda polepole. Alipomwona Ephantus mlangoni, alikiweka kisu chini. Akasimama wima. Akapeleka mikono yake nyuma, ile mikono ya pareto, akaishikanisha kama alivyoona watoto wakifanya.

"Gud moning, sa," akasema.

Hakuwa akimdhihaki. Hapo ndipo Ephantus alipoumia kabisa. Angekuwa anamdhihaki, angejua la kufanya. Dhihaka ya mama huombewa msamaha ikaisha. Lakini uso wake ulikuwa wa mtu anayejaribu, mwenye wasiwasi kidogo kama amelitamka sawa. Alikuwa amelibeba neno hilo siku nzima, kutoka mlango wa darasa mpaka kwenye kofia ya kura, na kutoka huko mpaka nyumbani, ili asimwaibishe mwanawe mara ya pili.

"Maitu," Ephantus akasema. "Maitu, keti. Nakuomba. Keti."

Nyaguthii aliangalia nje, upande wa shule, kisha akamwangalia tena. Alisogeza midomo bila kutoa sauti. Hakujua kama sheria inaishia getini, na hakutaka mtoto mwingine avishwe kibao kwa ajili yake. Akaendelea kusimama, mikono nyuma, akingoja aambiwe kwa lugha inayotakiwa.