Ndiva Juu ya Dampo

Kwa miaka ishirini, mhandisi Tumainieli alifukia madampo ya watu wengine na kuvuna gesi ya taka zao, huku akijiambia ipo siku atafanya kwao. Siku ikafika. Dampo la zamani la tambarare ya Same lifunikwe kwa udongo wa mfinyanzi, na gesi yake ikapikie uji wa watoto wa shule.

Mjomba wake Eliezeri akapiga pembe ya msaragambo kule Suji, mlimani. Wapare hawabembelezwi kwa kazi ya pamoja. Mlima uliteremka na majembe begani kumsaidia mtoto wao. Tumainieli aliwaambia washindilie udongo, maji yasipite. Kisha akaitwa Dodoma kuwaeleza wakubwa habari za mradi wasiowahi kuukanyaga. Alizuiliwa huko mpaka mvua zikaja na kukatika.

Aliporudi, mjomba alimpokea kwa kicheko, wenzake wa msaragambo wakiwa nyuma yake na majembe.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Njoo uone. Limejaa!"

Lilijaa kweli. Walikuwa wameinua kingo na kubonyeza katikati, kama wanavyojenga ndiva za kuhifadhia maji ya mashamba. Yeye alitaka mgongo, maji yateremke. Wao walimjengea bakuli. Mpare ukimpa udongo wa mfinyanzi na kumwambia maji yasipite, atajenga nini kingine? Na yeye, mwana wa Suji aliyekulia kwenye matope ya ndiva, hakuliwaza hilo. Usomi gani huo!

Maji yalikuwa yamepenya kandokando ya mabomba ya kuvunia gesi na kuyaziba. Gesi ilitoka kwa mapovu katikati ya bwawa, ikipotea bure. Ukingoni, Naisula, mfugaji wa tambarare, alikuwa anateremsha ndama wake wanywe.

"Warudishe, mama! Maji haya ni sumu!"

Tumainieli akanyakua jembe, akaanza kuubomoa ukingo.

"Unamwaga maji mbele ya mifugo yenye kiu?" Naisula alipiga kelele.

Kicheko cha mjomba kilikatika. Kule Suji mtu habomoi ndiva.

"Mjomba, hili halikutakiwa kushika maji. Mngeniuliza."

"Tukuulize wapi, Tumainieli? Sisi tulikuwa hapa."

Mzee aliwaita watu wake kwa Chasu, lugha ya Wapare, wakabeba majembe yao, wakaanza kupanda mlima. Hakuna aliyegeuka. Tumainieli akaendelea kuchimba peke yake, maji meusi yakimpita miguuni.