Siku Tulipolishusha Ghorofa

Mama yangu alikuwa anapanda gari lake kwa kigoda. Sitanii. Kigoda cha miguu mitatu, kimefungwa kamba. Anakiweka chini ya mlango, anakanyaga, anajirusha ndani kama mwanafunzi anayepanda kitanda cha juu bwenini, halafu anavuta kamba na kigoda kinamfuata. Akifika anakokwenda, kigoda kinatangulia kushuka, yeye anafuata. Mtaani gari letu waliliita Ghorofa.

Lilikuwa pikapu la kawaida tu. Mama anafuga kuku, na pikapu ndilo linalopeleka mayai bekari. Ila mwenye gari wa kwanza alikuwa mtu wa kujionyesha, akalivalisha matairi ya inchi thelathini na tano, yale ya kukanyagia mawe, mazito, meno kama ya mamba. Mama alilipata kwa bei nzuri kwa sababu kila mwenye akili zake alilikimbia. Mimi nililipenda. Nimemaliza shule, nasubiri matokeo, nyumbani natumwa tumwa tu, lakini nikikaa pale juu mkono nje ya dirisha, na mimi nilikuwa mtu.

Mayai ndiyo hayakulipenda. Matairi yale ni magumu, hayabonyei, kwa hiyo kila shimo la barabarani linafika kwenye trei kama lilivyo. Ukikata kona, tairi linakwaruza madigadi, krrr, Mama anashtuka anakanyaga breki, trei zinasalimiana. Halafu tukifika, bodi iko juu kiasi kwamba nashusha trei zikiwa usawa wa paji la uso. Nimewahi kushusha trei moja ikaishia kichwani. Nilinuka yai siku mbili.

Mwenye bekari anaitwa Bwana Dakika, na hakuna anayeuliza kwa nini. Saa kumi na mbili na dakika thelathini na tano asubuhi anawasha mashine ya kukandia na kufunga mlango wa nyuma. Ukifika na dakika thelathini na sita, utagonga mpaka vidole viote sugu, na simu hashiki kwa sababu mikono imejaa unga. Ijumaa ile alihesabu mayai yaliyopasuka, akajifuta mikono kwenye aproni.

"Mama Mayai," akasema, "nakuheshimu. Lakini mimi naoka keki, sikaangi. Jumatatu nataka mayai mazima na nayataka kwa wakati. Likikosekana moja kati ya hayo, kuna mtu mwingine anasubiri nafasi yako."

"Nimekuelewa, kaka," Mama akasema.

Tukarudi garini. Kigoda, kamba, mlango. Bekari ndiyo inayochukua karibu mayai yetu yote, bila bekari tungebaki na kuku wengi na majirani wachache. Kuzima gari tu nyumbani, akasema, "Haya matairi yanatoka."

"Yote?"

"Unataka tubakize moja la kumbukumbu?"

Jumamosi asubuhi tukaenda kwa fundi wa matairi, anaitwa Pancha, kibanda chake kiko nyuma ya kituo cha mafuta. Pancha akalizunguka Ghorofa akigonga matairi kwa spana, akasimama kwenye la nyuma kushoto. Ubavuni lilikuwa limeota nundu, kama mtu aliyeweka donge la peremende shavuni.

"Dada yangu, hili umelitembelea hivihivi na mayai?"

"Kwani lina nini?"

"Lina siku zake za mwisho. Na haya mengine yameanza kuisha meno. Sasa, ukitaka mapya ya saizi hiihii..." Akataja bei ya moja. Mama akacheka, kile kicheko cha kukosa la kufanya. Tairi moja lilikuwa sawa na chakula cha kuku cha miezi miwili.

"Fundi, mimi sitaki kupanda mlima. Nataka kufika bekari. Nipe yale gari lilizaliwa nayo."

"Inchi ishirini na nane," Pancha akasema. "Hapo umesema maneno. Kuna gari la zahanati limestaafu, rimu zake nne za chuma ninazo pale nyuma, na matairi yake juu. La tano la akiba nitakutafutia."

Mimi nikakimbia kuhesabu matundu ya nati. Sita. Letu, sita. "Zinaingia!" nikapiga kelele.

"Nani kakwambia?" Pancha akasema. "Hata kifungo cha shati kina matundu manne, kivalishe gari basi. Injinia mzima wewe, hujui kuna sita za kubanana na sita za kuachana? Lete jeki."

Tukainua gari, tukavua gurudumu moja, Pancha akavalisha rimu ya zahanati na kuzungusha nati zote sita kwa vidole tu, bila spana. Zikaingia laini mpaka mwisho. "Sasa ndiyo useme zinaingia," akasema.

Nikajua tumemaliza. Mama ndiyo kwanza alikuwa anaanza. Akaomba matairi yavuliwe kwenye rimu, akawasha tochi ya simu, akaingiza kichwa ndani ya tairi la kwanza. Pancha akanitazama. Mimi nikatazama pembeni. Nyumbani Mama anamulika kila yai kabla halijaingia kwenye trei, analigeuza kwenye mwanga kutafuta ufa, na sasa analigeuza tairi vilevile, taratibu, anapapasa na vidole.

"Dada, hilo halitoi kifaranga," Pancha akasema.

"Nyamaza kidogo, fundi."

La kwanza likapita. La pili likapita. La tatu akalizungusha mara mbili, akasimama. "Njoo uone hapa."

Pancha akaingiza kichwa chake, akakaa nacho humo ndani muda mrefu kuliko kawaida ya mtu mwenye majibu. Kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na nje yake mtu alikuwa amepaka rangi nyeusi vizuri kabisa. "Aisee," akasema, sauti ikitoka ndani ya tairi. "Na mimi nimeuziwa." Akalitupa pembeni, akaleta jingine, akamwonyesha tarakimu nne ubavuni, wiki na mwaka wa kutengenezwa.

"Kumbe nayo yana tarehe," Mama akasema, "kama mayai tu." Tangu hapo Pancha akawa anamwita fundi mwenzangu.

Malipo hayakutusumbua sana. Kuna mzee ana trela la kuvutwa na trekta shambani, mwendo wake ni wa punda aliyekasirika, alikuwa anatafuta matairi mapana yasiyozama kwenye matope. Akachukua matatu mazima na lile la akiba, rimu zake juu. Hela yake pamoja na kidogo cha Mama zikatosha. Lile la nundu Pancha alikataa kumuuzia mtu yeyote, akatukatia likawa vyombo viwili vya kunyweshea kuku maji.

Kazi ya kukaza nati nikapewa mimi, kwa kuruka, ya juu halafu ya chini, huku halafu ng'ambo, ili rimu ikae sawasawa. Jeki iliposhushwa, Ghorofa likaenda chini, chini, likaendelea kwenda chini. Nikaona paa lake. Sikuwahi kuliona paa lake.

"Ghorofa limebomolewa," Pancha akasema.

Niliumia kidogo, siwezi kudanganya. Lakini Mama akafungua mlango akaingia kama anaingia chumbani kwake. Kigoda kikabaki chini, kamba imelala. Ilibidi nimpe mkononi.

Jumatatu tukapakia. Nilikuwa naweka trei kwenye bodi usawa wa kiuno, raha mpaka nikapiga mluzi. Saa kumi na mbili kamili tukatoka, kama siku zote. Gari halikurusha, halikukwaruza. Mashimo yaleyale, lakini sasa tunayapita kama tunayaomba radhi. Mama akaanza kuimba chini chini.

Sasa lazima niwaambie kuhusu rangi ya kucha. Mama ana sheria moja barabarani: kukiwa na mayai, sindano ya mwendo haivuki arobaini. Tangu anunue gari lile, kwenye kioo cha mwendo, palepale penye arobaini, alipaka nukta ya rangi ya kucha nyekundu. Sindano ikigusa nyekundu, mguu unatulia. Safari nzima sindano inakaa pale kama imegandishwa, na kwa mwendo huo tunafika saa kumi na mbili na nusu, dakika tano mkononi. Miaka miwili hatujachelewa hata mara moja.

Nusu ya njia kuna tangi kubwa la maji. Huwa tunalipita saa kumi na mbili na robo. Nikalitazama tangi, nikatazama simu yangu. Na dakika kumi na nane, inakimbilia kumi na tisa.

"Mama, tumetoka saa ngapi?"

"Kamili. Si ulikuwepo?"

"Tumesimama mahali?"

"Kusimama wapi? Nimeshika nyekundu yangu tangu nyumbani."

Nikaangalia kihesabu kilomita, kile ninachokirudisha sifuri kila tukitoka. Huwa tukifika tangini kimesoma kumi. Leo kimesoma kumi na mbili na nusu. Nikafikiri kimeharibika. Halafu nikakumbuka mtihani wa fizikia, swali la gurudumu, lile nililolijibu nikitabasamu. Gurudumu likiwa kubwa, mzunguko mmoja unakupeleka mbali zaidi. Nililijibu swali lile lote, mpaka kipengele cha mwisho, na kesho yake nikapanda juu ya lile gurudumu lenyewe nisijue.

"Mama, ongeza mwendo. Fika hamsini."

"Hamsini na mayai? Umerogwa?"

"Tutachelewa! Sindano inadanganya!"

"Haijawahi kunidanganya. Miaka miwili."

"Ndiyo ilikuwa inadanganya miaka yote hiyo! Leo ndiyo inasema kweli!"

Akanitupia jicho la pembeni. "Baba, hukulala?"

Nikavuta pumzi. Mashine ya Bwana Dakika ilikuwa inatusubiri na mimi naongea kama redio mbovu. Nikatafuta njia nyingine.

"Mama, zamani ukinishika mkono kwenda sokoni. Wewe ukipiga hatua nne, mimi nilikuwa napiga ngapi?"

"Tano, na kulalamika juu."

"Tulikuwa tunafika pamoja?"

"Nilikuwa nakuacha? Si nimekushika mkono."

"Basi gari tumelikata miguu. Ijumaa lilikuwa wewe, leo ni mimi. Ile sindano haijui urefu wa mguu, inahesabu hatua tu. Gari lilivyokuwa refu, ikisema arobaini, ulikuwa unakwenda hamsini. Leo likiwa fupi, arobaini ni arobaini kweli. Ukitaka mwendo wako ule ule, lazima lipige hatua nyingi zaidi. Lazima isome hamsini."

Nikaona anahesabu, midomo inacheza, kama anavyohesabu trei. Lori likatupita. Halafu pikipiki ya mizigo ikatukaribia kwa nyuma, nadhani hiyo ndiyo iliyomwuma.

"Kwa hiyo," akasema polepole, "miaka miwili nimekuwa nakimbia hamsini na mayai?"

"Ndiyo."

"Na lile jini la matairi?"

"Na lilelile."

Nikadhani amekasirika. Kumbe alikuwa anajizuia kucheka. "Basi mimi ni dereva, mwanangu," akasema. Mguu ukashuka. Sindano ikaigusa nyekundu, ikaiacha nyuma. Mama akakaza macho kama anaangalia mtoto wake anavuka barabara. Arobaini na tano. Hamsini. Akaishikilia hapo.

"Mayai yanasemaje?" akauliza.

Nikageuka kuangalia dirisha la nyuma. Trei zimekaa zimetulia kama wageni. "Hayana habari."

Tulikata kona ya bekari saa kumi na mbili na dakika thelathini na tatu, bila krrr. Bwana Dakika alikuwa mlangoni, mkono mmoja kwenye kitasa, macho kwenye saa ya ukutani. Niliruka chini, na ardhi ikanipokea mapema kuliko nilivyotarajia, karibu nianguke. Nikaanza kushusha trei, kiunoni tu, moja, mbili, mpaka ya mwisho. Mashine ikaanza kunguruma wakati ya mwisho inaingia.

Akazifunua moja moja. Mama alisimama mikono nyuma. Mimi nilikuwa nahesabu matofali ya ukuta.

"Moja," Bwana Dakika akasema. Akaliinua juu. Lilikuwa na alama ndogo. Akalisogeza kwenye taa, akalifuta kwa aproni. Ilikuwa nyoya. "Hapana. Hakuna. Yote mazima."

"Basi," Mama akasema.

"Kesho nitahitaji trei mbili zaidi." Akachungulia nje, akalitazama gari letu, akalitafuta lile alilolizoea. "Mama Mayai, umekuja na gari la nani?"

"Langu. Limenyoa."

Kurudi, Mama hakuwa na haraka. Tukapita kwa Pancha akatukazia nati tena, kama alivyotuagiza, akataka kusikia habari yote, na Mama akamsimulia jinsi alivyoligundua yeye jambo la sindano na kunieleza mimi. Nilifungua mdomo. Akanikanyaga mguu. Nikafunga.

Nyumbani akatoa chupa ya rangi ya kucha, akaiondoa ile nukta ya zamani kwa kukwangua na ukucha, akapaka nyingine penye hamsini. Akaipuliza ikauke. Halafu akafungua mlango ashuke, mkono ukapapasa chini ya kiti kutafuta kamba.

"Mama, kigoda kiko bandani," nikasema. "Si ulikitaka cha kukalia ukimulika mayai?"

"Najua," akasema, na mguu wake ulikuwa umeshafika chini.