Uzito wa Tangi Namba Nne

Ijumaa asubuhi Selpher Nanjala alisugua vipande vya chuma kwa brashi, akavikausha, akavipima kwenye mizani ya maabara, orofa ya tatu, katikati ya Nairobi. Vipande hivyo vilikuwa vimening'inia miezi mitatu ndani ya tangi namba nne la kampuni, nje ya mji. Mafuta ghafi ya tangi hilo yana salfa na asidi. Yakipashwa joto, pamoja na maji yanayotuama chini, hula chuma. Kipande kikipungua, jua ukuta wa tangi nao umepungua.

Kila kipande kilikuwa kimepungua gramu kumi na moja.

"Andika mbili," akasema Ndegwa, mkuu wa maabara. "Kama mwaka jana."

Selpher akaandika mbili.

Jioni, kwenye duka la dawa la Kinoo, mizani ilimpa kilo mia moja na themanini. Asubuhi alikuwa na sitini na nne. Gauni lilimtosha vilevile. Muuzaji alimwambia apunguze chapati.

Nyumbani Mountain View kitanda kilizama upande wake. Mumewe, Nashon, mchomeleaji wa kampuni hiyohiyo, akaingiza matofali chini.

"Mama Ivyne, umemeza lori?"

"Ni chuma ya tangi namba nne. Imekuja kwangu."

Nashon akamnusa shingo. Ilinuka mayai yaliyooza, kama tangi lenyewe.

"Na Jumatatu natumwa huko nichomelee ngazi."

"Usiende. Ukuta umeliwa, moto wako utapenya mpaka kwa mafuta."

"Nisipoenda wataita mwingine. Na karatasi ya maabara inasema tangi iko sawa."

"Hiyo karatasi ni mimi niliandika, Nashon."

Jumatatu Nashon alikwenda. Selpher naye aliwahi kwa Ndegwa, akamwambia chuma ya tangi imemhamia yeye, akapanda mizani ya mizigo mbele yake. Mia mbili na kumi. Ndegwa aliisoma mara mbili.

"Basi hakuna chuma imepotea, madam. Si iko hapa hapa kwa kampuni?"

Akaitia sahihi karatasi ya tangi namba nne, ile yenye mbili.

Saa nne na dakika tano kiti cha Selpher kilivunjika miguu yote kwa mpigo, na vigae vikapasuka chini yake. Hakuumia. Akiwa pale sakafuni alipiga simu ya Nashon. Haikupatikana. Akapiga tena, akapiga tena.

Ndegwa alikuja, akatazama vigae, akamwagiza mtunza stoo alete kiti cha chuma. Kisha akamwekea Selpher daftari na kalamu pale chini, kwa kuwa vipande vya tangi namba tano vilikuwa vimefika.