Kalunde Nambari Moja

Vumbi la Mutomo huamka kabla ya watu. Hupanda jekundu, likashika mwanga wa asubuhi, likatua juu ya mbuzi, juu ya mabati, juu ya midomo. Mwaka ule wa themanini na nne lilitua hata mtoni, maana mto ulikuwa mchanga mtupu, na maji yalikuwa chini, mbali, kama jina la mtu uliyemsahau.

Kalunde alitoka alfajiri na punda na mitungi minne. Mwanawe Kiilu, wa miaka mitatu, alikuwa na homa tangu jana. Akamwacha kwa jirani yake, Syombua.

"Nenda tu," Syombua akamwambia. "Huyu atapona na nini bila maji?"

Akaenda. Akachimba. Akangoja nyuma ya wanawake wengi, kila mmoja na kata yake, kila mmoja na wake nyumbani. Maji yalijikusanya polepole, kama machozi ya mtu mwenye haya. Aliporudi jua lilikuwa limepinda, mitungi imejaa, na Kiilu amefunikwa leso mpaka usoni.

Mbuvi, mumewe, mpiga gitaa, alikuwa Nairobi na bendi yake. Alifika siku ya tatu baada ya mazishi. Hakuketi. Alisimama mlangoni, gitaa begani, akauliza neno moja.

"Kalunde, ulikuwa wapi?"

"Majini," akasema.

Akageuka. Akaenda zake. Kalunde alibaki na jibu lake, dogo, kavu, na hapakuwa na wa kumpa.

Mwaka uliofuata mvua ilinyesha, na santuri ya Mbuvi ikatoka. Santuri kubwa, nyimbo nane, na wa kwanza ulibeba jina la Kalunde. Kila Jumamosi mchana redio ilisoma santuri kumi zilizouzwa kuliko zote, na Kilonzo mwenye duka aliweka redio yake dirishani watu wasikie.

"Kalunde! Njoo haraka! Umeingia nambari tisa, mpya wiki hii!"

Alifurahi kweli, Kilonzo. Alidhani ni heshima.

Kisha ikaja sauti ya Mbuvi, ile ile iliyomposa, tamu, ikipanda juu ya gitaa kama moshi juu ya paa. *Mtoto alilia, alilia. Kalunde, ulikuwa wapi?* Kilonzo akaganda, mkono ungali juu ya redio.

Wiki ya pili, nambari sita. Wiki ya nne, nambari tatu. Santuri nyingine mpya ziliingia, zikasukumana kama mbuzi penye maji, zikatoka. Wimbo wenye jina lake haukutoka. Kwenye kwaya walimwambia apumzike kidogo, mama, mpaka hii maneno ipoe. Sokoni wanawake walinyamaza akikaribia, na akishapita, wakauimba chinichini. Hawakuuimba kwa ubaya. Uliwatoka tu, kwa kuwa ulikuwa mtamu.

Hilo ndilo lililomuua. Ungekuwa mbaya, ungekufa. Ulikuwa mtamu.

Wiki ya saba, nambari moja. Siku hiyo Kilonzo hakumwita. Alimwona akipita, akapunguza sauti, akainamia mizani yake kana kwamba kuna kitu cha kupima.

Kalunde akakata shauri. Wimbo abaki nao, jina anirudishie. Hivyo tu. Nitamwambia hivyo tu.

Akamfuata Mbuvi hadi Makindu, mchana wa sikukuu ya Jamhuri, bendi ikipiga uwanjani karibu na reli. Madereva wa malori walikuwepo, na wakulima kutoka Mbumbuni, mbaazi zimeuzwa, mashati mapya. Alipenya bega kwa bega mpaka mbele. Mbuvi alivaa viatu vyeupe. Macho yao yakakutana. Kalunde akainua mkono.

Vidole vya Mbuvi havikukosea hata waya mmoja. Alifumba macho, akavuta pumzi, na kabla hajafungua kinywa uwanja mzima ulikuwa umemtangulia: *Kalunde, ulikuwa wapi?* Vijana, wazee, wauza maembe, watu asiowajua, wasiomjua. Mkono wake ukashuka wenyewe. Jina halikuwa kwa Mbuvi tena. Hata angetaka kulirudisha, angelitoa wapi?

Akasimama, mdomo umefungwa, katikati ya midomo iliyo wazi.

Mama mmoja mnene, mtoto mgongoni, jasho na kicheko, akamshika mkono.

"Dada, mbona umenyamaza? Hujui hii wimbo?"

Kalunde akatikisa kichwa.

"Aa, ni rahisi. Nifuate mimi."

Akamwinamia sikioni, akamwimbia taratibu, neno baada ya neno, kama mtu anayemfundisha mtoto kusema. Kisha akambana vidole.

"Haya. Sasa wewe."

Kalunde akafungua mdomo. Sauti ikatoka, nyembamba, ikajiunga na sauti za watu, ikauliza pamoja nao.

"Umeona?" mama yule akasema, akimpigapiga begani. "Umeshaijua."